Sufuria Iliyotakiwa Kuwa na Mlango

Palikuwa na nchi moja, na kwa habari nilizo nazo ingali ipo, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Jumanne, nami Jumanne huwa na shughuli zangu. Itoshe kusema kuwa ni nchi ya watu wapole, yenye mvua za kutosha na nyaraka za kuzidi, ambako mtoto hahesabiki kuwa amezaliwa mpaka aandikwe, na mzee akifa bila fomu huchukuliwa kuwa amechelewa tu kurudi nyumbani.

Katika mji wa tatu kwa ukubwa wa nchi hiyo aliishi Bi Chausiku, mjane wa seremala. Marehemu alimwachia vitu vitatu: nyumba ya vyumba viwili, bisibisi yenye mpini wa mpingo, na tabia ya kuuliza maswali mafupi. Hospitali ya mji ule ilijengwa juu ya kilima chenye upepo. Ilikuwa na madaktari, vitanda, na ubao mrefu wenye majina ya wakubwa wote walioifungua, maana ilifunguliwa mara tano, lakini haikuwa na jiko. Chakula cha mgonjwa kilikuwa juu ya ndugu zake. Asiye na ndugu aliwatazama wenzake wakila, na jambo hilo liliandikwa kwenye jalada lake chini ya kichwa cha habari "Lishe".

Jambo hilo lilimkera Bi Chausiku. Yeye na wanawake wenzake sita waliokuwa wakisali pamoja wakaanzisha kikundi, wakakiita Konzi ya Rehema. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Katika kila nyumba ya waumini, kabla ya chakula cha jioni kupikwa, mama hutia mkono kwenye unga wa muhogo, akatoa konzi moja, akaiweka kwenye kopo karibu na mlango. Hiyo ndiyo sadaka. Asubuhi makopo hukusanywa, na sufuria kubwa iliyopewa jina la Bi Mkubwa hubandikwa kwa mwenye zamu. Wanasali kwanza, halafu wanakoroga. Kesho yake Bi Mkubwa anahamia kwa mwenye zamu mwingine. Saa nne kamili vikombe sitini vya uji huingia Wodi Namba Saba. Wa dini gani? Baadaye, serikali ilipokuja kujua, Msajili wa Vikundi aliliuliza swali hilo mara tatu. Wagonjwa hawakuliuliza hata mara moja.

Katika wodi ile alilala Mzee Matola, aliyeanguka toka juu ya paa akiziba pa kuvuja, na mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba wiki ya saba sasa. Hakuwa na mtu hapa duniani. Siku ya kwanza ya mzee wodini, mlinzi wa lango alipouliza uji unapelekwa kwa nani, Bi Chausiku alijibu, "Kwa mjomba wangu, Matola," na mlinzi akaandika. Tangu hapo wakawa mjomba na mpwa kweli kweli, hata wakafikia kugombana. Kila siku mzee alimaliza kikombe, akajipangusa ndevu, akasema, "Uji mzuri, mpwa wangu, ila umepoa." Na kila siku mpwa alimjibu kwamba kilima na upepo wake hakuviweka yeye.

Kazi hiyo ya uji ilikuwa imekwenda miaka minne bila serikali kujua, na ndiyo maana ilikwenda. Kisha ukatoka waraka. Waziri wa Uhakika aliusoma mwenyewe redioni, kwa sauti ya mtu aliyetoka kula.

"Ndugu wananchi, imebainika kwamba zipo taasisi za dini zinazoendeshwa kwa sadaka, zinatenda mema, lakini hazina ofisi. Hii ni hatari. Taasisi isiyo na ofisi haina mlango, na isiyo na mlango, serikali ikitaka kuifunga, itaweka kufuli wapi? Kwa hiyo, kwa usalama wa taasisi zenyewe, kila moja iwe na ofisi. Ofisi maana yake ni chumba chenye kuta nne, mlango, meza, kiti cha mgeni, kitabu cha wageni, picha ya Mtukufu Kiongozi isiyopinda, na ofisa aliyekaa."

Nchi nzima ikasikika ikipiga makofi, kwa vile redio za nchi ile zilikuwa zikiuzwa na makofi yake ndani.

Wiki haikuisha, akafika uani kwa Bi Chausiku Bwana Lukolo, Mhakiki wa Ofisi wa Daraja la Pili, mtu mrefu mwembamba aliyevaa suti ya rangi ya bahasha. Wanawake walikuwa jikoni wakikoroga.

"Hodi humu."

"Karibu baba. Pita, jihadhari na moshi."

"Naitafuta ofisi ya Konzi ya Rehema."

"Umefika," akasema Bi Chausiku.

Bwana Lukolo akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mpaka juu ya mpapai. "Iko wapi?"

"Hiyo mbele yako, inachemka."

"Mama, hii ni sufuria."

"Leo iko hapa. Kesho ukiitaka utaikuta kwa Mama Ngolo, nyuma ya kinu cha kusaga."

Bwana Lukolo alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuhukumu kabla ya kuuliza. Akafungua daftari. "Mlango wake uko wapi?"

Bi Chausiku akainua mfuniko. Mvuke wenye harufu ya tangawizi ukampiga mgeni usoni, miwani ikaingia ukungu.

"Mfuniko si mlango," akasema Bwana Lukolo akiifuta miwani.

"Lakini anayetaka kilichomo ndani lazima aufungue."

"Kiti cha mgeni?"

Akasogezewa kigoda.

"Na ofisa aliyekaa?"

"Ofisa akikaa, baba, uji utaungua."

Bwana Lukolo akameza mate. Alipokaribishwa kikombe alikataa, kwa sababu kanuni zilimkataza kupokea kitu chochote kutoka kwa taasisi isiyokuwapo. Akaandika katika daftari, kwa hati nzuri ya kulaza: *Ofisi haikuonekana. Sufuria ilionekana.* Halafu akatoa siku kumi na nne. Zikipita, kikundi kitapigwa marufuku, na walinzi wa hospitali watapewa orodha ya wasioruhusiwa kuingiza hata kijiko.

Alipoondoka, Mama Ngolo alitua mwiko. "Mimi naona tuache. Miaka minne ni mingi. Mungu ameona."

"Mungu ameona," akasema Bi Chausiku, "ila mjomba yeye hashibi kwa kuonwa."

Mama Ngolo akaushika mwiko tena. Siku ya pili yake wakaanza kutafuta ofisi.

Waliyoipata ilikuwa nusu ya chumba cha Bwana Faraji, dobi wa barabara ya soko. Kuta tatu zilikuwa za saruji ngumu. Ya nne haikuwapo, ndipo Bi Chausiku akanunua plaiwudi, akachukua bisibisi ya marehemu, akaisimamisha mwenyewe kwa skrubu kumi na mbili. Bwana Faraji alitaka kodi ilipwe kwa unga, kwa kuwa alikuwa akiupikia wanga wa kukazia kola. Makopo yakaanza kusimama kwa dobi kabla ya kufika jikoni. Mwezi ule kola za wakubwa wa mji zilikaa vizuri mno, hata magazeti yaliandika, na vikombe vya Wodi Namba Saba vikashuka toka sitini hadi arobaini.

Cheti kikaja, kikubwa, chenye kingo za dhahabu. Chini kabisa kiliandikwa kwa herufi za sisimizi: *Cheti hiki kisitoke ukutani kwa sababu yoyote ile, moto ukiwamo.* Walijaribu kukipigilia kwenye saruji, misumari ikapinda yote. Wakakifunga kwa skrubu kwenye plaiwudi, na picha ya Mtukufu Kiongozi pembeni yake.

Sasa ilibaki ofisa aliyekaa. Saa za kazi zilikuwa kuanzia saa mbili mpaka saa tisa, na Bwana Lukolo angeweza kutokea dakika yoyote. Basi wanawake wawili wakawa wanakaa, mmoja wa kukaa na mwingine wa kushuhudia kwamba mwenzake amekaa. Waliobaki watano walichota maji, walipasua kuni, walikoroga, walibeba, na mmoja wao akaugua mgongo. Vikombe vikawa ishirini. Vikawa kumi na viwili. Bi Chausiku alipita kati ya vitanda akigawa nusu nusu, akiona haya kuwatazama watu machoni. Mzee Matola alipokea nusu yake, akainywa polepole.

"Leo hulalamiki kuwa umepoa," akasema Bi Chausiku.

"Ukiwa kidogo hivi hauna muda wa kupoa, mpwa wangu."

Usiku huo Bi Chausiku hakupata usingizi, na mimi simlaumu.

Kitabu cha wageni, kwa upande wake, kilikuwa kikistawi. Mgeni alikuwa mmoja tu, Bwana Lukolo, lakini alikuja mara nyingi, na kila mara alijiandika upya: jina, mahali atokako, sababu ya kuja. Mahali atokako aliacha wazi. Bi Chausiku aliliona pengo hilo, akauliza swali fupi.

"Kwani ninyi wahakiki ofisi yenu iko wapi, baba?"

Bwana Lukolo alitazama mlangoni kwanza. "Iko kwenye ukarabati," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka wa tano huu. Tunasimama kwenye ukumbi wa Wizara ya Mifugo. Viti vipo vya wenyewe."

Bi Chausiku akasimama, akampisha kiti chake nyuma ya meza. Bwana Lukolo alikaa kidogo kidogo, akajaribu mgongo, akaweka viwiko juu ya meza. Uso wake ulilainika mpaka mtu angeweza kuiona sura aliyokuwa nayo kabla ya kuajiriwa. Kesho yake alikuja saa mbili kasoro robo. Wiki iliyofuata alikuwa na ufunguo.

"Ninyi nendeni mkakoroge," aliwaambia. "Mimi nitakaa. Nikija kukagua nitamkuta mtu."

Akawa anajikuta kila siku. Saa nne anatoka nje, anabisha hodi, anaingia, anajiandika, anamhoji ofisa aliyekaa, anaridhika na majibu. Bwana Faraji naye akasamehe kodi, kwani tangu Mhakiki ahamie pale hakuna mhakiki mwingine aliyethubutu kumsumbua. Unga ukarudi jikoni. Vikombe vikapanda hadi sitini, na Mzee Matola akarudia kulalamika kuwa uji umepoa. Bi Chausiku akashukuru katika sala zake, akimtaja Bwana Lukolo kwa jina.

Lakini nchi ile haikuwahi kuacha jema liote mizizi bila kuling'oa kuona limefikia wapi. Ukatoka waraka wa pili: kwa kuwa wapo wanaojifanya wana ofisi, kila kikundi kinachoingia hospitali kimwonyeshe mlinzi cheti chenyewe, si nakala, si picha, si maelezo ya mdomo.

Mkesha wa waraka huo kuanza kazi, Bwana Lukolo aliona picha ya Mtukufu Kiongozi imepinda. Ilipinda kidogo, upana wa ukucha, lakini yeye alikuwa mtu wa kanuni. Akapanda juu ya kiti cha mgeni kuinyoosha. Kiti kilikuwa hakijawahi kukaliwa na mgeni wa kweli, hakikuzoea, kikakatika mguu, naye akakatika wake. Bwana Faraji alimsikia akianguka, akaja kumbeba ampeleke hospitali. Kabla hajakubali kubebwa, Bwana Lukolo alidai mlango ufungwe na ufunguo utiwe kwenye mfuko wake wa ndani, kama kanuni ya kumi na nane inavyotaka.

Asubuhi wanawake walipofika langoni na Bi Mkubwa, mlinzi, kijana mwenye adabu aitwaye Feruzi, aliinama kuzitazama buti zake.

"Shikamooni mama zangu. Naomba cheti."

"Marahaba mwanangu. Cheti kiko ukutani, na hakitoki ukutani hata kwa moto."

"Ndivyo nilivyosoma. Na pia nimesoma kwamba bila cheti hamwingii." Akakuna kichwa. "Siwafukuzi, mama. Nasema tu hamwingii."

Mama Ngolo alikaa chini kando ya sufuria, akaanza kulia kwa uchovu. Upepo wa kilimani ulikuwa ukipuliza mavumbi, wakaufunika uji kwa khanga zao. Bi Chausiku alifikiri.

"Ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa?"

Feruzi akafunua daftari lake kwa furaha ya mtu aliyetafutiwa njia. "Ndugu mmoja, mgonjwa mmoja, kikombe kimoja. Bi Chausiku, mpwa wa Matola. Umeandikwa."

Akaingia na kikombe kimoja. Wodi nzima iligeuza vichwa, ikahesabu mpaka moja. Kwenye kitanda cha jirani ya Mzee Matola alilala mtu mrefu, suti yake ya rangi ya bahasha imetundikwa msumarini, mguu wake juu kwa kamba.

"Bwana Lukolo," akasema Bi Chausiku.

"Mama." Midomo ilikuwa imemkauka. Mkewe alikuwa kwao kwenye arusi, mwendo wa siku tatu, na toka jana hakuna aliyemletea kitu. "Mbona kikombe ni kimoja?"

"Cheti kimefungiwa ofisini, baba. Na ufunguo unao wewe."

Bwana Lukolo alifumba macho. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake kanuni mbili zilikutana ndani ya tumbo lake mwenyewe, akazisikia zikipigana.

Bi Chausiku alimpa mjomba wake kikombe. Moyoni, na hili alilikiri baadaye, alitamani mzee anywe chote huku Mhakiki akitazama. Mzee Matola alikunywa mafunda mawili, akajipangusa ndevu, akanyoosha mkono kuelekea kitanda cha pili.

"Chukua, mwanangu."

"Siwezi, mzee. Mimi ni Mhakiki."

"Hapa sote ni miguu tu. Kunywa, umeshapoa."

Bwana Lukolo akanywa. Alikunywa kwa haraka, halafu kwa aibu, halafu taratibu. Alipomaliza, machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, na kwa kuwa mazoea yana taabu, akapapasa kutafuta kalamu.

"Natia sahihi wapi?"

"Kikombe kikiwa kitupu," akasema Mzee Matola, "umeshatia."

Bi Chausiku akavuta kigoda, akauliza swali fupi.

"Baba, cheti kimekatazwa kutoka ukutani. Na ukuta wenyewe je, umekatazwa kutoka?"

Bwana Lukolo aliutazama upande wa dari, akaupitia waraka wa kwanza kichwani, aya kwa aya, kisha wa pili, kisha viambatisho vyake. Alirudi na uso mweupe kwa mshangao.

"Ukuta haukutajwa," akasema. Akaingiza mkono kwenye suti, akatoa ufunguo.

Skrubu kumi na mbili zilitoka kwa bisibisi ya marehemu kwa muda wa kusali sala fupi. Wanawake sita wakaubeba ukuta vichwani, cheti na picha vikitazama juu mbinguni. Bi Chausiku akatangulia. Sokoni wauza vitunguu walisimama wima, kwa kuwa sheria ilitaka watu wasimame Mtukufu Kiongozi akipita. Polisi wa barabarani alisimamisha magari, akapiga saluti, hakuuliza kitu. Hivyo ndivyo Mtukufu alivyofika hospitali ile. Na wauguzi wa zamani wanasema, kama hatuhesabu zile siku tano za ufunguzi, ilikuwa mara yake ya kwanza.

Feruzi aliusoma ukuta toka juu hadi chini, mpaka herufi za sisimizi.

"Cheti kimo ukutani," akasema. "Piteni, mama zangu."

Vikombe sitini viliingia. Kesho yake waliona ni adhabu kuubeba ukuta mlima mzima, wakauacha umeegemea mti wa lango. Keshokutwa, kwa kuwa ukuta uko pale, na sufuria haina budi kufika pale, wakaamua kupikia hapo hapo. Wakaweka mafiga nyuma ya plaiwudi, upande usiofikwa na upepo, na moto ukawaka bila kuyumba. Uji ukawa unaingia wodini ukitoa mvuke. Mzee Matola alikunywa kikombe cha kwanza, akatafuta la kulalamikia, akakosa, akalia. Alipopona na kuruhusiwa hakuwa na mahali pa kwenda, basi akapewa kigoda nyuma ya ukuta achochee kuni. Bwana Lukolo, akitembelea magongo, aliandika taarifa yake hapo hapo: *Ofisa amekaa. Ofisi ilikutwa kazini.* Tangu siku hiyo huja kukagua kila siku saa nne, na kikombe chake huja nacho mfukoni.

Habari zikafika kwa Waziri wa Uhakika, akaja mwenyewe na magari tisa. Alishuka, akauzunguka ukuta mara mbili, akautazama moto uliotulia, na kola yake ngumu ikamzuia kuinama zaidi. Akaridhika sana.

"Unaona sasa, mama," akamwambia Bi Chausiku mbele ya waandishi. "Mlikuwa mnabisha. Je, mmekubali kwamba ofisi inahitajika?"

"Tumekubali, baba," akasema Bi Chausiku akikoroga. "Inahitajika sana, hasa siku za upepo."